Dabba Lililorudi Limeoshwa

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, Kokila hufunga dabba la mumewe. Dabba ni chombo cha bati cha kubebea chakula. Hili lina ghorofa tatu. Chini huweka wali, katikati dengu, na juu chapati nyembamba na achari ya embe. Kisha hulifunga kwa kitambaa cha buluu, mafundo mawili, ncha zimesimama kama masikio ya sungura.

"Haya, chukua," humwambia mumewe. "Na achari yangu usimpe mtu."

"Nani ataitaka? Kali kama mwenyewe," Jitesh hujibu, kisha huteremka ngazi.

Wanakaa Dubai, mtaa wa Al Baraha, ghorofa ya tatu, juu ya duka la dobi. Jitesh ni karani wa ghala huko Jebel Ali. Hupanda treni mbili na basi kufika kazini. Binti yao Mira ana miaka sita, yuko darasa la kwanza.

Kokila na Jitesh ni Wahindu, lakini ni watoto wa Mombasa. Wote wawili walizaliwa Kibokoni. Kigujarati walizungumza na wazee wao, na Kiswahili na dunia yote iliyobaki. Walioana Mombasa, hekaluni. Walizunguka moto mtakatifu, wakahesabu hatua saba. Baadaye ndoa ikaandikishwa serikalini, wakapewa cheti. Dubai wamekuja miaka minne iliyopita.

Jitesh ni mtu mwema. Hanywi, hapigi, mshahara anauleta nyumbani. Ila ana jambo moja. Hajapata kuosha hata kijiko. Mama yake alimlea hivyo: mwanamume hagusi vyombo. Kwa hiyo kila jioni dabba hurudi na dengu zimekaukia ndani kama plasta ya ukuta. Kokila huliroweka, hulikwangua, hunung'unika. Miaka tisa ya ndoa, kazi hiyo ni yake.

Jumatatu moja dabba likarudi safi.

Kokila alilifungua akashangaa. Lilikuwa linang'aa. Alilinusa. Lilinukia ndimu. Sabuni yake yeye haina harufu ya ndimu.

"Nani kaliosha hili?" akauliza.

Jitesh alikuwa anavua viatu. "Limeoshwa, si vizuri?"

"Nimeuliza nani."

"Achana na hayo, Koki. Nina njaa."

Kokila akampakulia chakula. Lakini wivu ulishaingia. Wivu hauhitaji mlango mkubwa. Ufa tu unautosha.

Jumanne dabba likarudi safi tena. Na kitambaa kilifungwa fundo moja, la pembeni. Kokila akakitazama muda mrefu. Fundo hilo si la mume wangu, akasema moyoni. Mume wangu hajui kufunga hata mfuko wa takataka. Hili ni fundo la mkono wa mwanamke.

Alianza kumwona huyo mwanamke akilini. Akamwona ana kucha nyekundu. Akamwona anacheka, amesimama kwenye sinki, analisugua dabba lake polepole. Usiku akageukia ukutani. Jitesh alipomwuliza kama anaumwa, akasema, "Kawaulize wenye sabuni ya ndimu."

Jumatano akaweka achari mara tatu ya kawaida, akaongeza na pilipili mbichi. "Kama analiosha, basi na kula anakula," akasema peke yake jikoni. "Leo imuwashe."

Jioni Jitesh akarudi na midomo imevimba. "Koki, unataka kuniua?"

"Ulikula mwenyewe?"

"Sasa ale nani?"

Kokila hakuamini. Dabba lilikuwa safi, kama kioo.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, akampigia simu. Simu ikapokelewa na mwanamke.

"Halo! Nani mwenzangu?"

Damu ikampanda Kokila kichwani. "Wewe ndiye nani?"

"Mimi ni Agneta, mlinzi wa hapa getini. Jitesh ameacha simu kwa meza yangu. Nimwambie nani amepiga?"

"Mwambie mkewe!"

"Aa, mama mwenyewe! Kumbe ndio wewe unapika hiyo achari? Wueh! Jana alinionjesha kidogo, nikatoa machozi kama mtoto. Lakini ni tamu, haki."

Kokila akakata simu. Sasa mwanamke alikuwa na jina. Tena alikuwa ameonja achari.

Jioni hiyo Jitesh hakuwahi hata kuliweka dabba mezani.

"Agneta ni nani?"

"Mlinzi wa kazini."

"Mlinzi analinda nini, dabba langu?"

"Koki, mtoto anasikia."

"Asikie! Ajue babake ana mke wa pili Jebel Ali! Unampa achari yangu, anakuoshea vyombo, wewe unaniletea harufu ya sabuni yake mpaka ndani ya nyumba yangu! Majirani nao wasikie! Mzinzi wee!"

Akafungua dirisha, akasema tena kwa sauti. Chini, dobi akainua kichwa.

Jitesh akaona aibu, na aibu ikageuka hasira. Akafungua mdomo, na maneno yaliyotoka yalikuwa ya utotoni, aliyokuwa akiyasikia kwa majirani Waislamu wa Kibokoni, nyumba ya pili na ya tatu.

"Nimechoka! Nimekuacha, Kokila! Talaka! Talaka tatu!"

Mira akaacha kupaka rangi kitabu chake.

"Umesemaje?" Kokila akauliza kwa sauti ndogo.

"Umesikia. Tatu. Na Jumatatu nakwenda kufuta viza yako na ya mtoto. Mrudi Mombasa."

Akatoka, dabba bado mkononi. Alikwenda kulala kwa rafiki yake Shakir, mtaa wa nyuma.

Kokila akakaa chini sakafuni. Akavua mangalsutra, ule mkufu wa shanga nyeusi anaovaa mke wa Kihindu. Hakujua auweke wapi. Akautia ndani ya kopo la bizari ya manjano, akafunika. Kisha akashusha sanduku kutoka juu ya kabati.

Ijumaa mchana akabisha mlango wa jirani, Bi Ghania.

Bi Ghania ni mtu mzima, Mzanzibari. Miaka kumi na tisa ni mkalimani katika ofisi ya wakili huko Deira. Jengo zima humletea karatasi zao awasomee. Siku hiyo alikuwa amekaa anakunywa chai.

"Bi Ghania," Kokila akasema mlangoni, "nimeachwa. Nimekuja kuuliza, nikae eda miezi mingapi?"

Bi Ghania akaweka kikombe chini. "Eda? Nani akae eda?"

"Mimi."

"Wewe? Kokila wa hapa ukutani? Mwenye sanamu ya Ganesha juu ya mlango?"

"Amenipa tatu, Bi Ghania. Zote kwa mpigo mmoja."

Bi Ghania akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akayaona macho ya Kokila, akaacha.

"Nisamehe, mwanangu. Hebu njoo ukae kitako. Nambie, mliozeshwa na nani?"

"Pandit, kuhani wetu. Hekaluni Mombasa."

"Cheti mnacho?"

"Kipo. Cha serikali ya Kenya."

"Basi sikiliza. Talaka ya kutamkwa ni jambo la sheria ya Kiislamu. Na hata kwetu sisi si neno la kutupatupa kama ganda la ndizi. Lina masharti yake na taratibu zake. Lakini nyinyi ni Wahindu, na ndoa yenu imeandikishwa kwa sheria ya ndoa ya Kenya. Ndoa hiyo haivunjwi na mdomo. Jitesh aseme mara tatu, aseme mara mia, wewe ni mkewe."

Kokila akamtazama. "Na mkufu nimeuvua."

"Kuvua mkufu ni uchungu. Hukumu ni kitu kingine."

"Na nikirudi Mombasa na sanduku langu?"

"Utakuwa mke aliyeko Mombasa, na yeye mume aliyeko Dubai. Bahari haivunji ndoa. Na mmoja wenu akioa au kuolewa kwingine kabla ya hukumu ya mahakama, atakuwa amevunja sheria. Mahakama ndiyo inayovunja ndoa, mwanangu, na mahakama inataka sababu."

"Sababu ninayo!" Kokila akasema, na macho yakawaka. "Basi nifungue kesi mimi! Niambie sababu zenyewe."

Bi Ghania akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kwa sheria ya Kenya, Mhindu anaweza kuomba talaka mwenzake akizini. Au akimfanyia ukatili. Au akimtelekeza miaka mitatu au zaidi. Au akibadili dini. Au akitenda mambo machafu mno ambayo sitayataja mezani. Au ikithibitika kwamba ndoa yenyewe imekufa, haitengenezeki tena."

"Hiyo ya kwanza!"

"Ngoja. Sheria za nchi hazifanani. Mtu mwenye ndoa ya India atakuta yao inasema kutelekezwa ni miaka miwili. Ndiyo maana mtu haangalii kesi ya jirani, anaangalia cheti chake. Na hapa Dubai napo kuna sheria ya wasio Waislamu. Inaweza kumpa mtu talaka bila kumtafutia mwenzake kosa. Lakini mgeni anaweza kuomba sheria ya kwao itumike. Na ukipewa karatasi hapa, lazima umwulize wakili kama huko kwenu itakubaliwa. Nimeona watu wana karatasi ya talaka Dubai, na nyumbani bado wanahesabiwa wana ndoa."

"Mimi nataka ya kwetu. Sasa nifanyeje, nikiwa huku?"

"Unamwandikia wakili wa huko. Unapeleka nakala ya cheti. Kiapo chako kinathibitishwa hapa, mbele ya mtu mwenye mamlaka, ubalozini kwa mfano. Mambo mengi huenda bila wewe kupanda ndege. Haya. Wakili atakuuliza: ushahidi wa zinaa uko wapi? Unao?"

"Ninao."

"Nini?"

"Dabba linarudi safi."

"Na nini tena?"

"Linanukia ndimu. Na fundo si la kwake."

"Na nini tena?"

"Ameonja achari yangu, huyo Agneta."

"Mwanangu," Bi Ghania akasema polepole, "nimekaa na mawakili miaka kumi na tisa. Sijaona hakimu aliyevunja ndoa kwa sababu ya bakuli safi. Wivu si ushahidi. Na nikwambie jambo jingine, usinikasirikie. Jana nilikusikia ukipiga kelele dirishani. Dobi alisikia. Nafikiri mpaka msikitini walisikia. Kumwita mwenzako mzinzi mbele za watu, tena na tena, bila ushahidi, mahakama zimewahi kukuita huko ukatili."

"Ukatili wa nani?"

"Wa anayesema."

Kokila akasema, "Kwa hiyo tukienda mahakamani, mwenye kosa nitakuwa mimi?"

"Mimi si hakimu. Mimi ni mkalimani. Lakini hebu nijibu hili. Ulimwuliza mumeo?"

"Nilimwuliza siku ya kwanza, akakwepa. Baada ya hapo nikamshutumu."

"Basi kamwulize tena. Umesema Jumatatu anafuta viza. Ukimwacha akafanya hivyo, mtoto atatoka shuleni na nyumba itasambaratika, kwa talaka ambayo haipo. Nenda kesho. Kama ni kweli ana mwanamke, utayaona kwa macho, na mimi mwenyewe nitakuandikia barua ya kwenda kwa wakili. Mira mwache hapa."

Usiku ule Kokila hakulala vizuri. Sehemu moja ya moyo ilitaka akute kucha nyekundu, ili ajue hakuwa mjinga. Sehemu nyingine iliomba asikute kitu.

Jumamosi akapanda treni. Akabadilisha, akapanda ya laini nyekundu mpaka Jebel Ali, kisha basi. Saa sita na nusu alikuwa kwenye geti la ghala. Pembeni mwa geti palikuwa na chumba cha walinzi, na ndani yake meza ndefu ambapo wafanyakazi hula.

Mlinzi alikuwa mwanamke mnene, mrefu, wa makamo. Kucha zake zilikuwa fupi, hazina rangi. Miwani ilining'inia kifuani kwa kamba.

"Habari mama. Unatafuta nani?" Kokila aliulizwa kabla hajasalimu yeye.

"Wewe ndiye Agneta?"

"Ndiye mimi."

Kokila alikuwa ameandaa maneno makali tangu treni ya kwanza. Yote yakampotea. "Mimi ni mke wa Jitesh."

Agneta akapiga makofi. "Mama achari! Karibu! Lakini mbona ulinikatia simu? Na huyu mzee wako ana nini? Tangu jana amenuna, hasemi na mtu. Ngoja nikuitie... aa, hapana. Wacha amalize kwanza zamu yake."

"Zamu ya nini?"

"Ya sinki."

Agneta akamvuta mpaka dirishani. Kokila akachungulia ndani.

Mwishoni mwa chumba palikuwa na sinki moja. Wanaume watano walipanga foleni, kila mtu na chombo chake. Mbele kabisa alisimama Jitesh, mikono ya shati ameikunja mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anasugua dabba. Pembeni palikuwa na chupa kubwa ya sabuni ya kijani, ina picha ya ndimu.

"Hapa walikuwa wanaacha vyombo vichafu, mende wakajaa," Agneta akaeleza. "Boss akaniambia, Agneta, hilo ni jukumu lako. Jumatatu nikawasimamisha wote. Nikawaambia, sikilizeni, mamako hafanyi kazi hapa. Ukila, osha. Usipoosha, kesho hukai kwa meza yangu. Mzee wako siku ya kwanza alishika sponji kama ameshika panya! Nilimfundisha mimi. Sasa yeye ndiye bingwa."

Kokila hakucheka. Alimtazama Jitesh akilifuta dabba kwa kitambaa. Siku mbili hakuwa na chakula cha nyumbani. Alikuwa ananunua dengu mgahawani, anazitia humo humo. Kisha akachukua kile kitambaa cha buluu. Akafunga fundo, likaenda pembeni. Akafungua. Akafunga tena, mafundo mawili, akazivuta ncha juu. Hazikusimama. Akafungua tena.

Alikuwa anatafuta masikio ya sungura.

Jitesh akatoka, akamwona mkewe, akasimama. Dabba akalificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari.

"Koki. Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuuliza," Kokila akasema. "Nani anaosha dabba?"

Jitesh akatazama chini. "Mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Miaka tisa nakwambia mwanamume hagusi vyombo. Mama yangu kakwambia. Halafu nije nikwambie Agneta kanipanga foleni? Ungenicheka mpaka Mombasa wangesikia."

"Kwa hiyo ukaona bora uniache?"

"Uliniita mzinzi dirishani, Koki. Nilishikwa na hasira. Neno lilishatoka, na neno likitoka..."

"Hujaniacha," Kokila akamkatiza. "Huwezi. Bi Ghania kasema. Talaka yetu sisi haitoki mdomoni. Inatoka mahakamani, na kwa sababu yenye ushahidi. Wewe huna sababu. Na mimi..." Akamsogelea. "Mimi nilikuwa na bakuli safi tu. Nilikosea kukuita vile. Nisamehe."

Jitesh akamkodolea macho. "Kwa hiyo siku mbili hizi nimelala kwa Shakir, kwenye mkeka, na bado nina mke?"

"Bado unaye."

"Haki ya Mungu," Agneta akasema kutoka nyuma yao, akifuta macho kwa kiganja. "Nyinyi watu."

Walidhani wivu umekwisha hapo. Kumbe haujaisha. Ndani ya treni, wakirudi jioni, Kokila akahesabu vituo vitatu. Kisha akasema, "Miaka tisa hujanioshea mimi hata kijiko. Kwa Agneta, siku moja tu, umeosha."

"Koki! Unamwonea wivu Agneta bado?"

"Agneta hapana. Ninalionea wivu lile sinki."

Jitesh akataka kucheka, akauona uso wake, hakucheka.

Nyumbani Kokila akafungua kopo la manjano, akautoa mkufu. Shanga nyeusi zilikuwa zimetapakaa unga wa njano. Jitesh akauchukua, akaenda nao jikoni, akauosha bombani taratibu, shanga moja baada ya nyingine. Akamvalisha. Jumatatu hakwenda kufuta viza. Alikwenda kazini. Cheti cha ndoa wakakitoa chini ya nguo, wakakipiga nakala, wakakiweka mahali ambapo wote wawili wanapajua. Na wakaahidiana jambo moja: mwenye shaka aulize, anayeulizwa ajibu, na dirisha lifungwe kwanza.

Jumatatu hiyo jioni Jitesh akarudi na dabba. Kokila akalifungua. Safi, la ndimu.

"Umeosha wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Nani kakuona?"

"Agneta. Na foleni nzima."

Kokila akalifunika, akamrudishia. "Mwambie Agneta nimekuombea ruhusa. Kuanzia kesho usilioshe huko. Lete hapa hapa, na dengu zake zikiwa zimekauka. Uoshe mbele yangu, nikuone mimi."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila jioni dabba hurudi chafu Al Baraha. Jitesh hukunja mikono ya shati. Kokila huvuta kiti, hukaa karibu na sinki, anamtazama. Mira huja na kikombe chake. Bi Ghania, upande wa pili wa ukuta, husikia maji yakitiririka na sauti ya Kokila ikisema:

"Hapo pembeni bado kuna mafuta. Rudia."